"Chuo kina ithibati": ndo inatosha kumpeleka mtoto? Na nani khasa anavisimamia hivi vyuo vikuu?

UmmSalma_Wete

Assalam alaykum ndugu zangu. Mie mzazi niko huku Wete, binti yangu kamaliza fomu siksi na matokeo yake alhamdulillahi si mabaya, anataka kusoma uuguzi ngazi ya digrii. Sasa kuna kijana anapita mitaani kugawa vipeperushi vya chuo, anasema chuo chao kiko bara lakini wamefungua tawi hapa visiwani, mtoto hana haja ya kwenda mbali, ada inalipwa kidogo kidogo, na kila nikimuuliza suala jibu lake ni moja tu, "mama usiwe na wasiwasi, chuo kina ithibati". Kaka yangu nae ananambia serikali ikisharuhusu chuo imekwisha, mtoto apelekwe, nini tena.

Mie moyo haujatulia. Jirani yangu hapa alikodisha shamba lake la mikarafuu ili amsomeshe kijana wake, kijana kasoma miaka mitatu kamaliza, kaenda kuombea kazi kaambiwa kozi alosoma haitambuliki. Pesa imekwenda na miaka imekwenda.

Nauliza mlosoma mnisaidie. Hii ithibati anaitoa nani, wizara yetu ya elimu hapa Zanzibar au wa bara? Wanaangalia nini mpaka wakaitoa? Na mie mzazi nsokuwa na elimu kubwa ntajuaje kama ni kweli, maana kipeperushi kila mtu anaweza kuchapisha. Tafadhalini kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Mstaafu_Ubora

Wa alaykum salaam Bi Umm Salma. Nimefanya kazi kitengo cha udhibiti ubora kwenye chuo kimoja hapa Unguja mpaka nikastaafu, kwa hiyo haya ntakayokwambia nimeyashika kwa mikono. Ntaandika kwa urefu univumilie, maana suala lako ni la maana na watu wengi hawaulizi mpaka yashawafika.

Kwanza nani anatoa. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, imo kwenye orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba ya Jamhuri. Skuli zetu za msingi na sekondari zinasimamiwa na wizara yetu hapa, lakini ukifika chuo kikuu msimamizi ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hiyo TCU inayotajwa kila siku. Ilianza kazi 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo, na sheria ile imesema wazi inatumika bara na Zanzibar. Kabla yake, kuanzia 1995, kulikuwa na baraza la ithibati la elimu ya juu ambalo lilikuwa likishughulika na vyuo binafsi tu, vya serikali kila kimoja kilijiendesha kwa sheria yake. Ilipokuja TCU vyote vikawekwa chini ya mkono mmoja. Ndo maana hata SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar, ambayo imeundwa kwa sheria ya Baraza letu la Wawakilishi ya 1999 na Mkuu wa Chuo ni Rais wa Zanzibar, kozi zake zinapelekwa TCU kama za chuo chengine chochote. Zanzibar University ya Tunguu hivyo hivyo, Sumait ya Chukwani hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "sisi tuko Zanzibar hayo ya TCU hayatuhusu", muondokee.

Sasa hapa ndo pahala wazazi wanapopotezwa. Neno "chuo kina ithibati" lina mambo matatu ndani yake na yule kijana anakupa moja. Kuna ruhusa ya chuo chenyewe kuwa chuo. Kuna ruhusa ya kampasi, yaani hilo tawi, majengo yale na walimu wale walioko pale. Halafu kuna ithibati ya programu, yaani kozi moja moja. Chuo kinaweza kuwa kizima kabisa huko kilipo, kikafungua tawi pahala ambalo halijakaguliwa, au kikaanzisha kozi ambayo mtaala wake haujapita. Mwanao hasomi "chuo", anasoma kozi fulani kwenye kampasi fulani, na hiyo ndo ya kuulizia.

Wanaangalia nini? Chuo kikitaka kuanza kozi, idara inaandika mtaala, unapita bodi ya skuli au kitivo, unapita seneti ya chuo, halafu ndo unakwenda TCU. TCU hawausomi wenyewe ofisini wakamaliza, wanawapa wataalamu wa fani hiyo kutoka vyuo vyengine wauchambue. Wanataka kujua kozi ina uzito unaotakiwa, digrii ya kwanza isipungue krediti 360, na kila krediti ni masaa 10 ya kusoma, mwaka mmoja krediti 120, kwa hiyo masaa 1,200 kwa mwaka ukijumlisha darasani, maabara, fildi na kujisomea. Wanataka majina ya walimu na vyeti vyao, maana anaefundisha digrii ya kwanza anatakiwa awe na masters si chini ya hapo, na wanataka kujua wangapi wameajiriwa hapo na wangapi ni wa kuazima. Maktaba, maabara, vyoo, kompyuta, na kwa kozi za afya hospitali ya kufanyia mazoezi ni ipi na mkataba uko wapi. Wanapanga pia idadi, kozi hii muchukue wanafunzi kadhaa, musizidishe.

Na ithibati si ya milele, ina tarehe ya kumalizika, kozi inapewa miaka mitano halafu mtaala unarudishwa kuangaliwa upya. Hilo nalo liulize.

Namna ya kuhakikisha: TCU kila mwaka wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kipo bure kwenye tovuti yao, ni PDF. Kuna cha wale waliomaliza fomu siksi na kuna chengine cha wenye diploma. Mwambie binti afungue cha fomu siksi, atafute jina la chuo, chini yake ataona kozi zote zilizoruhusiwa mwaka huo, vigezo vya kuingilia, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Kozi isipokuwemo humo usitoe hata shilingi.

Kijana_Mwera

Mzee Mstaafu umesema vizuri sana lakini na mie nataka kusema la kwangu kwa sababu niko ndani sasa hivi, mwaka wa pili, chuo sikitaji. Chuo chetu kina kila kitu, ithibati ya chuo ipo, kozi yangu kwenye kitabu imo, tarehe haijapita. Lakini semista ilopita kuna somo lekcha tulimuona mwanzo wa semista halafu tukaja kumuona tena karibu na mtihani, slaidi katutumia kwenye grupu la wasap, tujisomee. Yeye anafundisha vyuo chungu nzima, anakimbia huku na huku. Mtihani tumefanya, nusu ya darasa wakashika sapu, yaani mtihani wa kurudia, na anaeshika sapu ni sisi, lekcha hana sapu.

Na wakaguzi walipokuja mie niliona kwa macho yangu. Wiki nzima kabla yake watu wanapaka rangi, kompyuta zilizokuwa zimefungiwa chumba zikatolewa zikapangwa maabara, na wanafunzi wa kwenda kuzungumza na wakaguzi wakachaguliwa na chuo, wale wasiosema. Siku ya pili yake maabara ikafungwa tena. Sasa serikali inadhibiti nini hapo? Inadhibiti siku moja. Sisi tunasoma siku zote zilobaki.

Sisemi Bi Umm Salma asiangalie kitabu, aangalie, ila asidhani kitabu ndo ubora.

Mwl_Idara

Assalam alaykum. Mie ni mwalimu wa chuo na maneno ya huyu kijana yameniuma kwa sababu ni ya kweli, na sitaki yapite hivi hivi.

Watu wengi wanadhani serikali ndo inayotakiwa kukaa nyuma ya kila mlango wa darasa. Haiwezi na wala mfumo haukupangwa hivyo. Mfumo umepangwa kwamba chuo chenyewe ndo cha kwanza kulinda ubora wake, TCU inakuja kuangalia kama hicho chuo kweli kinajilinda. Ndo maana kila chuo kinatakiwa kiwe na kitengo cha udhibiti ubora kama alichokuwa Mzee Mstaafu, kiwe na watahini wa nje, yaani mwalimu kutoka chuo chengine anaekuja kusoma masuala ya mtihani na majibu ya wanafunzi aone kama alama zimetolewa kwa haki, na wanafunzi wajaze fomu ya kumtathmini lekcha kila semista. Na walimu wachujwe toka kuajiriwa, kijana haajiriwi kuwa mwalimu msaidizi hivi hivi, GPA yake, yaani wastani wa alama, ya digrii ya kwanza inaangaliwa, 3.8 kwenda juu.

Kila kimoja katika hivyo kinaweza kufanywa kwa dhati au kikafanywa ili karatasi ijae. Gari kupita ukaguzi wa trafiki asubuhi hakumzuii dereva kusinzia jioni. Fomu ya tathmini mwanafunzi analazimishwa aijaze ndo aone matokeo, kwa hiyo anabonyeza "vizuri sana" kutoka juu mpaka chini ili afike kwenye matokeo yake. Mtahini wa nje anapewa mitihani siku chache na posho yake iko njiani, anasaini. Hapo taarifa zote zinakwenda TCU nzuri kabisa na darasani hamna mtu.

Kijana wangu wa Mwera, hayo ya lekcha asoingia darasani yaandikeni. Si kwenye wasap. CR wenu, yaani kiongozi wa darasa, aandike barua, tarehe za vipindi vilivyokosekana, saini za wanafunzi, ipelekwe kwa mkuu wa idara na nakala kwa kitengo cha ubora, mubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkaguzi akija anaomba mafaili ya malalamiko, na barua yenye muhuri haifichiki kama kompyuta inavyofichwa. Mie nimekaa kwenye vikao ambavyo barua moja ya namna hiyo imebadilisha mwalimu semista ile ile.

Ila na serikali nayo nina la kuidai. Ripoti za ukaguzi hatuzioni. Sisi raia tunasikia siku chuo kimefungiwa, basi. Uingereza taasisi yao ya kuangalia ubora, QAA, imeundwa 1997 na ripoti za ukaguzi wake zinawekwa wazi, mzazi anasoma chuo kimesifiwa nini na kimeambiwa kirekebishe nini. India, ambako watoto wetu wengi wanasoma, wana NAAC toka 1994, imekuwa ikikipa chuo herufi, kuna A++ mpaka chini, mzazi anajua anapeleka mtoto chuo cha daraja gani. Kwetu ni ndiyo au hapana, chuo kipo au kimefungwa. Baina ya hapo ndo vyuo vyetu vyote vilipo na hakuna anaetwambia kitu.

Mstaafu_Ubora

Mwalimu, la ripoti kuwekwa wazi nakuunga mkono mia kwa mia. La herufi mie sikubaliani. Chuo kikishajua kinapewa herufi, kinaanza kukimbilia herufi, nguvu zote zinakwenda kwenye kuandaa makabrasha ya wakaguzi na walimu wanatolewa darasani kwenda kujaza majedwali. Nimeona hata bila ya herufi kazi ile inavyokula watu. Bora ripoti ya maneno, iseme wazi kozi fulani walimu wa kudumu hawatoshi, mzazi atahukumu mwenyewe.

Mwl_Idara

Sheikh wangu nakuheshimu lakini mzazi wa Wete hatosoma ripoti ya kurasa 80. Herufi ataiona. Tuwekewe vyote viwili.

BiMjini

Jamani mie nilikuwa chuo 2017 ule mwaka TCU walipofanya uhakiki wakavizuia vyuo 19 visichukue wanafunzi wapya kabisa, na vyengine vikazuiwa baadhi ya kozi. Sikuwa kwenye chuo kilichozuiwa lakini nilikuwa na mashoga zangu waliokuwemo. Nataka watu wafahamu kuwa lile lilikuwa zuio la kuchukua wapya, waliokuwa ndani waliendelea, na vyengine vilirekebisha vikaruhusiwa tena. Lakini nyinyi fikirini hali ya mtu uko mwaka wa pili unaambiwa chuo chako kimezuiwa, unakwenda kuomba fildi ofisini watu wanakutazama. Aibu wameibeba wanafunzi ambao hawajafanya kosa lolote, wao waliomba kwa kufuata utaratibu wa serikali yenyewe. Maana wakati ule maombi yalikuwa bado ya mfumo wa pamoja wa TCU, ule ulioanza 2010, mwaka ule ule wa 2017 ndo wakarudisha maombi kwa vyuo. Kwa hiyo mtu TCU ndo waliompanga pale halafu TCU hao hao wanasema pale hapafai.

Mie naona wanapovizuia wavizuie, siwalaumu, chuo kibovu kisiachwe. Lakini wawaangalie walomo ndani kwanza, wahamishiwe, wasaidiwe, halafu ndo tangazo litoke magazetini.

Nesi_Mkoani

Bi Umm Salma mie ni muuguzi huku Mkoani, ngoja nikwambie la kwenye fani yenyewe maana naona hawa wakubwa hawajaligusa.

Kozi za afya zina mlango wa pili. TCU wanaangalia digrii, lakini ruhusa ya kumshika mgonjwa inatoka kwa baraza la taaluma. Na afya si jambo la Muungano, kwa hiyo hapa kwetu ni Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar, bara wana lao. Mtoto akimaliza chuo lazima asajiliwe ndo aajiriwe. Kwa hiyo kabla hujalipa, piga simu au nenda baraza ukaulize, "chuo hichi, kozi hii ya uuguzi, mnawasajili wanaotoka huko?" Wanakujibu. Nimeona mtu ana digrii mkononi anahangaika na usajili muda mrefu kwa sababu mazoezi ya hospitali hayakutimia, vitabu vyake vya kuandikia kazi alizofanya wodini vilikuwa vitupu. Kwenye uuguzi uliza wanafunzi wanapelekwa hospitali gani, wanaanza mwaka wa ngapi, na nani anawasimamia wodini. Wakikwambia "tutaangalia mbele" huyo mtoto atasoma uuguzi ubaoni.

Jengine, pointi. Digrii kwa ujumla inataka principal mbili, yaani masomo makuu mawili ya fomu siksi aliyofaulu, zenye jumla ya pointi nne, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, lakini kozi za afya zinataka zaidi ya hapo na masomo yametajwa kwa majina, kemia, bayolojia na kadhalika. Kwenye kile kitabu alichosema mzee kila kozi imeandikwa vigezo vyake. Chuo kikimchukua mtoto hali vigezo havijafika, jina lake halitopita TCU, kwa sababu orodha ya waliochaguliwa inapelekwa huko kuthibitishwa.

Na kama pointi hazikutosha asikate tamaa, akasome diploma ya uuguzi. Hiyo haiko TCU, iko NACTVET, zamani NACTE, wao wanasimamia cheti na diploma, na wao nao wana orodha yao ya vyuo vilivyosajiliwa. Akimaliza na GPA 3.0 kwenda juu anaomba digrii kwa njia ya diploma. Mie ndo nilivyopita, na wodini aliepita diploma anaonekana, mikono yake imeshazoea.

Yakhe_Ughaibuni

Salaam kutoka mbali. Nimesoma nje kwa hiyo naongezea kwa wale wanaofikiria kupeleka watoto Uganda, India, Uturuki, Malaysia na kwengineko. Msidhani ukivuka mpaka TCU imekuacha. Mwanafunzi anaekwenda kusoma nje anatakiwa achukue barua TCU ya kuonesha hawana pingamizi na chuo na kozi anayokwenda kusoma, na akirudi na cheti chake anakipeleka tena TCU kitambuliwe kuwa kinalingana na digrii ya kwetu. Wengi barua ile ya mwanzo hawaichukui, wanakuja kuhangaika mwisho.

Na ile tarehe aloisema mzee si jambo dogo. 2023 Uganda kulitokea mtafaruku mkubwa, watu waliangalia tovuti ya baraza lao la elimu ya juu, NCHE, wakakuta kozi chungu nzima zimeandikwa muda umekwisha, mpaka za Makerere zimo. Baraza likatoka kueleza kuwa maana yake ni kozi inatakiwa kufanyiwa tathmini upya, si kuwa digrii ni batili. Lakini watu washatishika, na mtu anaeomba kazi au masomo nchi nyengine, muajiri anafungua tovuti anaona neno lile, hakuulizi maelezo. Nchi za Afrika Mashariki zina baraza la pamoja la vyuo vikuu, IUCEA, liko Kampala, na 2017 marais walitangaza eneo letu kuwa eneo moja la elimu ya juu, digrii itambulike huku na huku. Jambo zuri, ila linategemea kila nchi orodha yake iwe safi na ya karibuni.

Kijana_Mwera

Mwl_Idara ahsante. Barua tumeandika jana, CR kapeleka, muhuri tumegongewa. Ntakuja kusema kilichotokea.

Na suala jengine, mkopo. Mie nalipiwa na ZHELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Zanzibar, hivi wao hawaangalii ubora? Maana pesa ya serikali inakwenda kwenye chuo hicho hicho.

Mwl_Idara

Hongereni. ZHELB imeundwa 2011 kwa kazi ya mikopo, kukagua vyuo si kazi yake. Wanachoangalia ni kuwa chuo na kozi inatambulika, na wewe unafaulu. Mie siku zote nasema bodi za mikopo, yetu na ile ya bara, zina nguvu kubwa ambayo haitumiki. Wakisema mwaka ujao hatupeleki mwanafunzi mpya kwenye kozi isokuwa na walimu wa kudumu wa kutosha, utaona walimu wanaajiriwa mwaka huo huo. Chuo kinaweza kubishana na mkaguzi, na ada ikikosekana hakibishani na mtu. Mkopo wenyewe unaurudisha wewe, uliefundishwa kwa slaidi za wasap, hilo ndo linaloniuma zaidi.

UmmSalma_Wete

Allah awalipeni kheri nyote, nimesoma kila neno na binti kanisomea mengine. Tumekifungua kile kitabu usiku kwenye simu. Chuo kimo, jina lake lipo, na uuguzi wanao, lakini ni kwenye kampasi yao ya bara. Tawi la hapa visiwani halimo kabisa. Asubuhi nimempigia yule kijana, akanambia ithibati ya tawi "iko njiani, inatoka karibuni", mtoto aanze kwanza mwaka wa mwanzo halafu karatasi itafuata, na tukilipa wiki hii kuna punguzo. Kaka yangu alikuwa kakaa pembeni anasikiliza, akaichukua simu mwenyewe akamuuliza, "na isipotoka?" Kijana akakata.

Sasa nauliza la mwisho. Binti ameshaomba vyuo viwili vyengine ambavyo tumeviona kitabuni na uuguzi umo. Huyu wa tawi jina la mtoto na namba ya mtihani anavyo, alivichukua siku ile ya mwanzo. Anaweza kutuharibia?

Mstaafu_Ubora

Bi Umm Salma, chuo hakiruhusiwi kutangaza wala kupokea wanafunzi wa kozi ambayo haijapata ithibati. Akikwambia iko njiani ameshakiri mwenyewe. Kipeperushi chake kipige picha, kipeleke TCU kwa barua pepe, anwani iko kwenye tovuti yao, na nakala wizara ya elimu hapa. Usikiache, kuna mzazi mwengine Konde au Micheweni anapewa karatasi ile ile leo.

Kuhusu namba ya mtihani, hawezi kumsajili kwenye kozi ambayo haimo kwenye mfumo, lakini anaweza kumuombea kwa jina lake kozi nyengine ya chuo chao cha bara bila ya nyinyi kujua. Kwa hiyo binti afanye hivi. Majina yakitoka, aliechaguliwa chuo zaidi ya kimoja anatakiwa athibitishe kimoja, anatumiwa namba maalumu ya siri kwenye simu alojaza wakati wa kuomba, anaingia kwenye akaunti yake ya kile chuo anachokitaka anaithibitisha humo. Ile namba asimpe mtu, awe wakala, awe rafiki, awe anaesema anapiga kutoka TCU. Na laini ya simu iwe yake mwenyewe au yako, isiwe ya huyo kijana wala ya mtu wa duka la intaneti aliemjazia fomu. Kama fomu alijaziwa na mtu, aingie leo aangalie namba gani ya simu imeandikwa pale, na kama si yake aende chuoni kuibadilisha kabla majina hayajatoka.